Kolaji na kanga: mnayoambiwa na yalivyo

"Kolaji ni kubandika tu. Kata kanga, paka gundi." Wazazi husema hivyo juu ya kolaji, yaani picha inayoundwa kwa vipande vya kitambaa au karatasi vilivyobandikwa, na sasa hata wanafunzi wa sanaa hapa Unguja wanayarudia maneno hayo. Ndiyo maana kazi nyingi hubanduka masika hayajesha.

Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, na gundi ikishika wanga haijashika uzi. Ifue kwanza kwa sabuni ya kipande, ianike, ipige pasi. Kisha sugua pembe yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na wekundu, fua tena, la sivyo rangi itavuja ikikutana na gundi. Plaiwudi, ubao utakaobandikia, ipake gundi nyepesi pande zote mbili uiache ikauke, kwani ukipaka upande mmoja itajipinda. Halafu changanya gundi nyeupe ya mbao sehemu 3 kwa maji sehemu 1, upake kwenye ubao wala si kwenye kitambaa, na utandaze kuanzia katikati kwenda kingoni. Gundi ikizidi hupenya hadi usoni ikaacha doa linalong'aa, na halitoki. Gundi ya unga iacheni kabisa: kwa unyevu wetu huota ukungu, na mende huila.

Na hapo bado hujaanza kolaji. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na karibu kila mwanafunzi hukata maua ya mji akalitupa jina. Ametupa maneno yenyewe! Msanii Hannah Höch wa Berlin, katika kolaji yake ya 1919 yenye jina la kisu cha jikoni, alikata vichwa vya wanasiasa pamoja na herufi za magazeti, na herufi zile zinabishana na nyuso. Likate jina katikati, nusu uiweke mdomoni mwa mwanamke na nusu mlangoni, uone kama anayesema ni yule yule. Nunueni doti: kipande kimoja cha kukata, cha pili kibaki kizima cha kurejea.

"Kolaji ilibuniwa na Picasso." Yeye na mchoraji mwenzake Braque waliitia kwenye uchoraji mwaka 1912, lakini ilikuwapo kabla yao. Mary Delany alianza kukata maua ya karatasi mwaka 1772, akiwa na miaka 72, na karibu elfu moja yamo British Museum, London. Miaka ya 1970 wasanii Miriam Schapiro na Melissa Meyer walitetea kazi kama hizo za wanawake, viraka na albamu, kuwa ni sanaa kamili. Msukaji wa mikeka wa Pemba naye yumo.

"Asemblaji ni kuokota vitu pwani." Asemblaji ni kuunganisha vitu halisi viwe kazi moja, na vitu vya pwani hutaka kutayarishwa kwanza. Simbi na mbao za ngalawa zina chumvi, chumvi huvuta unyevu na kutia kutu misumari. Ziloweke maji baridi kwa wiki, ukiyabadilisha kila siku, na kizito kishikwe kwa skrubu za shaba, si gundi.

"Sanaa ya kifeministi ni ya Wazungu." Betye Saar, msanii Mmarekani mweusi, mwaka 1972 alikichukua kinyago cha dharau cha mtumishi mweusi akakipa bunduki. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Turner Prize, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, amechora kazi za mtindo wa kanga, jina likiwemo.

"Ukitaja waliokuathiri, umekiri kuiga." Taja, lakini kuandika "nimeathiriwa na Höch" hakutoshi. Andika jina, kazi, mwaka, kisha uamuzi uliouchukua kwake na mahali ulipo kwenye ubao wako.