Mwaka wa Ukame na Shule Zetu za Dodoma: Dhana Potofu na Ukweli

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mvua ikikatika Februari mahindi yakiwa shambani bado mabichi, njaa imeshabisha hodi. Wagogo, wenyeji wa mkoa huu, wanaijua hali hiyo kiasi cha kuipa njaa jina: ile ya 1917 hadi 1920 wanaiita Mtunya. Mwaka wa namna hiyo shule za serikali huelemewa, na maneno huwa mengi kuliko debe za mahindi.

“Elimu ni bure, kulisha watoto ni kazi ya serikali.”
Kilichoondolewa kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ni ada na michango ya lazima. Shule ya msingi ilipangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukiigawa kwa siku za masomo haifiki shilingi 60 kwa siku, na humo humo mna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Uji haumo. Sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi.

Wapo wanaoigeuza hoja hii: kwa kuwa chakula ni cha mzazi, asiyeleta debe lake mtoto asile, au arudishwe nyumbani. Hapana. Mchango ni wa hiari, na mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu yake. Kumpanga pembeni wenzake wakinywa uji ni kumfukuza kwa njia nyingine, kwa maoni yangu. Kamati ya shule inaweza kukubaliana mapema kwamba sufuria ni moja, wenye mavuno wakaongeza, wasio nacho wakaleta kuni au maji.

“Mahindi ni mahindi. Yapelekeni shule, yakichemka yanakuwa salama.”
Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa ugonjwa wa sumukuvu: wagonjwa 68 walitambuliwa na 20 kati yao wakafariki. Sumu hii hutengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga, yaani vile vile tunavyosagia unga wa lishe wa watoto. Zao lililopigwa na ukame hushambuliwa kirahisi likiwa bado shambani, na likihifadhiwa na unyevu hali huzidi. Moto wa jikoni hauimalizi. Kinachopunguza ni kuanika vizuri juu ya turubai, kuchambua punje zilizooza, zilizosinyaa au kubadilika rangi, kisha kukoboa kabla ya kusaga. Kwa hiyo gunia lililokaa ghalani mpaka likanuka uvundo si msaada, hata likiletwa kwa gari la mbunge. Anayetaka kutoa nafaka afikirie mtama au uwele: hustahimili ukame wetu na haviathiriwi na sumukuvu kama mahindi.

“Mtoro ni mvivu, na wazazi wake hawajali.”
Ukame ukizidi, mifugo husogezwa mbali kufuata malisho na maji, na mchungaji mara nyingi ni mvulana wa darasa la nne au la tano. Dada yake anapanga foleni kisimani, au ameshapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Kwenye daftari la mahudhurio wote wanaandikwa watoro.

“Kaya hiyo iko TASAF, imeshasaidiwa.”
Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ni ndogo na huja kwa vipindi. Bei ya debe la mahindi ikipanda, haiisubiri.

“Aliyeacha shule ndiyo basi tena.”
Ilikuwa hivyo kwa wasichana waliopata ujauzito, si sasa. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unawaruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kinachokwamisha mara nyingi ni sare iliyokwisha chakaa, aibu ya kukaa na wadogo, na mtoto mchanga asiye na wa kumwangalia. Mfadhili mwenye fedha kidogo aanzie hapo. Amwombe mwalimu mkuu orodha ya walioacha, aketi naye pamoja na mtendaji wa kijiji, waulize kaya kwa kaya. Picha za kukabidhi sare mbele ya shule nzima haziwasaidii watoto wenyewe. Nguo anaweza kupewa bibi wa mtoto nyumbani.