Bei ya tangazo si bei ya soko

Wengi hudhani soko la nyumba likidorora, dalili ya kwanza ni bei kushuka. Wanapitia matangazo ya fleti za Kilimani au Kileleshwa jijini Nairobi, wanakuta bei ni zilezile za mwaka jana, wanasema soko liko imara. Sisi maajenti huliona mapema, na si kwenye bei. Simu za wanunuzi ndizo hupungua kwanza.

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Mnunuzi wa mkopo, riba ikimlemea, huendelea kuishi nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba naye hashushi bei haraka: anakumbuka jirani aliuza kwa ngapi, na pengine bei ya chini haitamaliza deni lake la benki. Fleti inakaa miezi, bango linapauka getini. Punguzo likija huja kimyakimya: maegesho ya bure, makabati mapya ya jikoni, muda mrefu zaidi wa kulipa. Tangazo halibadiliki.

Eti pia ajenti hung'ang'ania bei kubwa kwa ajili ya kamisheni! Piga hesabu. Tuseme ni asilimia 3 ya bei: fleti ya milioni 12 ikishuka hadi milioni 11, napoteza shilingi 30,000, isipouzwa, nakosa zote 330,000. Anayepoteza milioni ni mwenye nyumba. Kwa hiyo ajenti akikuhimiza ushushe bei, mwombe akuonyeshe fleti za jengo hilohilo zilizouzwa karibuni ziliuzwa kwa ngapi, si matangazo ya wenzake.