CMOS si betri, wala si BIOS

Kila wiki naletewa kompyuta hapa Kampala na maneno yaleyale: "Fundi, CMOS imekufa." Mwingine anasema BIOS imeisha chaji. Wote wanaonyesha ile betri ya duara kwenye ubao mama.

Kwa kifupi, BIOS ni programu inayoiamsha kompyuta. Imekaa kwenye chipu yake na haihitaji betri. Betri inaendesha saa umeme ukikatika, na kwenye mashine nyingi inatunza pia mipangilio iliyoandikwa kwenye kijisehemu cha kumbukumbu. Kijisehemu hicho cha kumbukumbu ndicho ubao unachokiita CMOS.

Jina lenyewe ndilo linalopoteza watu. Herufi hizo nne ni za namna ya kutengeneza transista, yaani swichi ndogo sana za umeme ndani ya chipu: M ni metali, O ni oksidi, S ni semikondakta, na C ni kukamilishana, kwa sababu transista zimepangwa mbili mbili, moja ikifunga mwenzake anafungua. Frank Wanlass aliibuni mwaka 1963 akiwa Fairchild, kampuni ya chipu ya Marekani. Uzuri wake ni kwamba ikitulia karibu hailambi umeme. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC AT mwaka 1984, iliweka humo chipu ya saa ya Motorola yenye kumbukumbu ya baiti 64: 14 za saa, 50 za kuandika mengine. Prosesa (ubongo) ya mashine ile haikuwa CMOS, kwa hiyo kuiita chipu ya saa hivyo kulieleweka. Leo hata prosesa ni CMOS! Ni sawa na kuita mtungi mmoja "udongo" ndani ya nyumba iliyojengwa yote kwa udongo.

Na jina hilo linakula pesa za watu. Mama mmoja aliambiwa BIOS imekufa, anunue ubao mwingine. Kila asubuhi tarehe ilirudi nyuma miaka, na tovuti zikakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama havikulingana na tarehe ile. Nikapima betri: volti 1.9, badala ya 3. Nikaweka betri mpya ya CR2032 (20 ni milimita za upana, 32 ni unene wa milimita 3.2), saa ikatulia.

Ukiona kwenye ubao mama pini zimeandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1, ukiziunganisha unafuta mipangilio tu, BIOS inabaki palepale. Chomoa waya wa umeme kwanza. Na ukija kwangu, sema tu "betri ya saa imeisha". Nitakuelewa mara moja.