Skizofrenia: Mwenzako Akusindikize, Dawa Usiache

Skizofrenia ni nini?
Ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, aamini mambo yasiyo ya kweli, au ajitenge hadi aache hata kuoga. Mara nyingi huanza ujanani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unampata mtu 1 kati ya 300 hivi, na hauambukizi.

Msaada wa wagonjwa wenzake una faida gani?
Aliyeugua akapata nafuu humsindikiza anayeanza matibabu. Mgonjwa anayenijibu mimi mhudumu wa afya kwa "ndiyo" na "hapana" tu humweleza mwenzake kwamba sauti humtukana kila anapokaa kula, kwa kuwa anajua hatashangaliwa. Matumaini hurudi kwa namna hiyo, na mahudhurio ya kliniki huwa rahisi akiwa na wa kuongozana naye.

Nimepata kikundi cha wagonjwa wenzangu, na sauti zimenyamaza. Je, niache dawa?
Hapana. Sauti zimenyamaza kwa sababu dawa zinafanya kazi. Ukiziacha, ugonjwa haulazimiki kurudi siku ileile. Unaweza kukaa wiki au miezi kabla ya kurudi, na ndiyo maana aliyeacha dawa huwatangazia wenzake kuwa yu mzima, nao wakamfuata, kisha tunawapokea wote wakiwa wamefungwa kamba na ndugu zao. Usiache.

Hata kama nimemaliza mwaka mzima bila kuugua?
Hata hivyo. Kupunguza dozi ni jambo la kuzungumza na daktari, wala halipigiwi kura kwenye kikundi. Nasema tena, kwa heshima zote: usiache dawa kwa sababu jirani ameacha.

Na kama dawa zinanitesa?
Rudi kliniki useme. Haloperidoli, kwa mfano, inaweza kukakamaza mwili, kutetemesha mikono au kumfanya mtu ashindwe kutulia, na yote hayo yana namna yake: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, au huongezwa nyingine ya kutuliza madhara hayo. Anayesahau vidonge, au anayevificha chini ya ulimi ili mama asimsumbue, anaweza kufaa zaidi kwa sindano ya kila mwezi.

Mwenzangu anitazame nini hasa?
Usingizi. Hapa Kigoma vijana wengi huvua dagaa usiku kwa taa, na mwenye skizofrenia anayekesha ziwani usiku baada ya usiku anauita ugonjwa urudi. Mwenzake mwenye busara humtafutia kazi ya mchana, kama kuanika dagaa pale Kibirizi, na humkatalia bangi bila kumung'unya maneno.

Lini tukimbilie hospitali?
Akizungumzia kujiua, sauti zikimwamuru adhuru mtu, au akikataa kula na kunywa, nendeni siku hiyohiyo. Tena, anayetumia dawa hizi akipinda shingo ghafla, macho yakageukia juu na ulimi ukakakamaa, si jini lililopanda. Ni madhara ya dawa, na sindano sahihi huyaondoa kwa muda mfupi. Familia zinazompeleka kwanza kwa mganga humwacha akiteseka saa nyingi bila sababu, halafu zinaamua dawa ndizo zilizomroga na kuzitupa. Mleteni hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na pakiti za dawa zake zote.