Je, wajua kwa nini nyimbo za Siti binti Saad huishia dakika ya tatu?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaambia wengine kwa uhakika, kwamba wazee wetu walipenda nyimbo fupi. Ushahidi wangu ulikuwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Kila wimbo wake niliousikia, uliotolewa kwenye santuri, zile sahani za muziki za zamani, ukaingizwa kwenye simu, ulikwisha baada ya dakika tatu na kitu. Nikilinganisha na taarabu ya harusini, ambako wimbo mmoja waweza kwenda robo saa hadi wa mwisho anayemtunza mwimbaji pesa arudi kitini, nilijenga hoja nzima: zamani maneno yalipimwa, siku hizi tunayavuta.

Siku moja nilimweleza hoja hiyo bibi yangu mmoja wa Unguja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mjukuu wangu, huo uliousikia sio wimbo wote. Hicho ndicho kilichoenea kwenye sahani."

Kilichoenea, yaani kilichotoshea, kwenye sahani. Nilikuwa nimechukua kipimo cha chombo nikakifanya kipimo cha ladha ya watu. Ni kosa rahisi kulifanya, kwa sababu zikipita karibu miaka mia, waimbaji wameshaondoka, wasikilizaji wameshaondoka, na kilichobaki mkononi ni sahani peke yake. Nayo haikuambii iliacha nini nje.

Siti mwenyewe hahitaji utambulisho mrefu. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, katika familia ya wafinyanzi. Alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomtangulia mjini, alikohamia mwaka 1911. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili, ikafika Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, kwa watu wa kawaida. Mwaka 1928 alisafiri na watribu wake, yaani wapiga ala, hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramofoni. Alifariki mwaka 1950. Mara nyingi huambiwa kwamba ndiye wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa. Mimi husema alikuwa miongoni mwa wa kwanza, maana neno "wa kwanza" linataka orodha kamili ya waliotangulia.

Sasa tuitazame sahani yenyewe, maana jibu lote limo humo.

Mwaka 1877 Thomas Edison alihifadhi sauti kwenye mcheduara. Miaka kumi baadaye Emile Berliner, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeishi Marekani, akachora sauti kwenye sahani bapa. Sahani ilikuwa na faida moja kubwa: ungeweza kutengeneza muhuri wa chuma kutokana na nakala ya kwanza, kisha ukapiga chapa maelfu, kama mtu anavyobonyeza maandazi kwa kibati kimoja. Lakini sahani ilikuwa na mwisho wake. Kuelewa mwisho huo, fikiria ukili, ule msuko wa majani ya kushonea mikeka.

Msusi husuka ukili mrefu, mwembamba, kisha huushona kwa kuuzungusha juu ya wenyewe hadi apate kitanga cha duara. Ukikitazama kitanga unaona duara nyingi, lakini kwa kweli ni ukili mmoja tu uliozunguka na kuzunguka. Santuri nayo ni hivyo. Ile mistari unayoiona juu yake ni mfuo mmoja unaoanzia ukingoni na kujiviringa kuelekea katikati, na sindano husafiri ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Urefu wa wimbo ni urefu wa ukili huo, hakuna zaidi.

Tuupime. Sahani ya kawaida ya wakati huo ilikuwa na upana wa inchi 10, yaani sentimita 25 hivi. Ondoa ukingo wa nje, ondoa karatasi ya jina katikati, ondoa na nafasi ya sindano kupumzika. Kunabaki ukanda wa takriban sentimita 7 wa kuchora sauti. Katika kila sentimita ya ukanda huo viliingia vizunguko 36 hivi, wakati mwingine 40. Tuchukue 36: mara 7 ni vizunguko 252. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika. Gawa 252 kwa 78, unapata dakika tatu na robo.

Hesabu ni hiyo tu. Lakini mara ya kwanza nilipoifanya kwenye karatasi na jibu likaangukia palepale nyimbo zinapokatika, nilisimama kitini. Nikaendelea: mfuo huo ukiufumua ukaunyoosha chini, unapata mita 135 hivi, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Sauti ya Siti imelala ndani ya njia ya mita 135, nyembamba kuliko uzi.

Mtu atauliza, kama nilivyouliza mimi: mbona hawakurefusha? Ziko njia tatu, na kila moja ilikuwa na kizuizi chake.

Ya kwanza ni kupanua sahani. Hili lilifanyika. Sahani za inchi 12 zilikuwapo na zilibeba dakika nne hadi tano. Zilikuwa nzito na ghali zaidi, na kwa muziki wa watu wa kawaida inchi 10 ndiyo iliyozoeleka.

Ya pili ni kupunguza kasi. Sahani ikizunguka nusu ya kasi, si wimbo utakuwa mara mbili? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuelewa, na mfano ulionisaidia ni wa nyayo pwani. Mtu anayekanyaga mchanga mara mbili kwa sekunde, akiwa anakwenda mbio, huacha nyayo zilizoachana, kila wayo peke yake. Mtu huyohuyo akikanyaga mara mbili kwa sekunde huku akienda polepole, nyayo zinakaribiana. Akizidi kupunguza mwendo, wayo unakanyaga juu ya wayo, na anayekuja nyuma yake haoni tena nyayo, anaona mchanga uliovurugika tu.

Sauti huchorwa mfuoni kwa namna hiyo. Sauti ni mtikisiko, na kila mtikisiko ni wimbi dogo ubavuni mwa mfuo. Sauti nene hutikisika mara chache kwa sekunde, nyembamba mara nyingi. Karibu na ukingo wa sahani, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi inayokaribia mita moja kwa sekunde, kwa hiyo mtikisiko wa mara 1,000 kwa sekunde hupata nafasi ya milimita moja kwa kila wimbi. Karibu na katikati duara ni dogo, kasi inashuka hadi sentimita 40 hivi kwa sekunde, na wimbi lilelile linabanwa hadi milimita 0.4. Sasa chukua herufi kama "s" na "sh", ambazo mtikisiko wake unafika maelfu kadhaa kwa sekunde. Mawimbi yake yanakuwa madogo hata kuliko ncha ya sindano yenyewe. Sindano haiwezi kuingia kwenye bonde dogo kuliko yenyewe, hupita juu kwa juu. Ukipunguza kasi nusu nzima, unazidisha tatizo hilo mara mbili, na katika lugha ambayo "kisa" na "kisha" ni maneno mawili tofauti, hasara hiyo si ndogo.

Hii pia ndiyo sababu moja, sio pekee, ya ule mwisho wa santuri nyingi kusikika umefifia kuliko mwanzo. Nilidhani mwimbaji alichoka. Yawezekana wengine walichoka kweli, lakini hata asiyechoka angesikika hivyo.

Njia ya tatu ni kuufanya ukili uwe mwembamba, ili vizunguko vingi zaidi viingie katika kitanga kilekile. Kizuizi hapa kilikuwa uzito. Gramofoni ya mkono haikuwa na umeme wa kukuza sauti. Nguvu yote ya kutikisa kiwambo, ule utando unaotoa sauti, ilitoka kwenye sindano kusukumwa na kuta za mfuo, kwa hiyo kichwa cha sindano kilikuwa kizito, zaidi ya gramu 100, kikikandamiza ncha moja ya chuma. Fikiria mkokoteni uliojaa mawe ukipita kwenye njia mbili zilizochimbika udongoni, zikitenganishwa na tuta jembamba. Tuta likiwa pana linahimili. Likiwa jembamba linabomoka, na gurudumu linahamia njia ya jirani.

Tena sahani yenyewe ilikuwa ya kitu kigumu lakini chenye kuvunjika: utomvu wa wadudu wadogo unaovunwa hasa India, jamaa wa lakiri ile ya kupigia mihuri, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliwekwa makusudi. Ulikuwa ukiisaga ncha ya sindano hadi ikae sawa na umbo la mfuo. Kwa maneno mengine, sahani iliilisha sindano jiwe, na ndiyo maana sindano ilibadilishwa baada ya kila upande, na ndiyo maana santuri hizo zina ule mchakacho kama wa mafuta yanayokaanga. Kuchora mifuo myembamba kwenye kitu kama hicho ni kama kuandika herufi za sindano kwa kipande cha mkaa.

Milango hiyo ilifunguka mwaka 1948, kampuni ya Columbia ya Marekani ilipotoa sahani ya plastiki laini, yenye mifuo myembamba, kichwa cha gramu chache na mizunguko 33 na theluthi kwa dakika. Upande mmoja ukabeba zaidi ya dakika 20. Siti alifariki miaka miwili baadaye. Kipindi chake chote cha kurekodi kilikuwa ndani ya zile dakika tatu.

Turudi basi kwenye wimbo. Ubeti unaoimbwa kwa kurudiarudia mishororo, pamoja na kiitikio, waweza kuchukua, tuseme, sekunde 50. Dakika tatu na robo ni sekunde 195. Hazitoshi hata beti nne. Bado hujawapa udi na fidla nafasi ya kuzungumza, bado hujafungua kwa bashraf, ule muziki wa ala wa kufungulia, bado hakuna mtu aliyenyanyuka kutunza na kumfanya mwimbaji arudie palepale palipomchoma. Na zamani hizo hakukuwa na kukata na kuunga. Wimbo ulichorwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta, ndiyo nakala ya kwanza, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na ukikosea nta imeharibika.

Kwa hiyo mtu aliyesimama Bombay mbele ya mashine alikuwa na kazi ambayo hakuwahi kuwa nayo Ng'ambo: kuchagua beti zipi ziingie. Nikisikiliza sasa nasikia watribu wanaoanza mara moja bila kuzungukazunguka, naye akishika neno haraka. Nilikuwa naliita jambo hilo mtindo wa zamani. Sasa naliona kuwa ni ustadi wa mtu anayejua sahani inaisha.

Lazima niweke breki hapa, maana ukisahihisha kosa ni rahisi kuangukia upande wa pili. Sahani haithibitishi kwamba kila wimbo wa Siti ulikuwa wa robo saa jukwaani. Nyimbo nyingine huenda zilikuwa fupi kwa asili. Na taarabu ya harusi za leo, yenye vinanda vya umeme na spika, si shahidi mzuri wa usiku wa mwaka 1928. Ushahidi ulio imara zaidi uko Misri, kwa mwimbaji Umm Kulthum, aliyeanza kurekodiwa miaka hiyohiyo ya 1920. Kwenye santuri zake za mwanzo nyimbo ni za dakika chache. Redio ya Cairo ilifunguliwa mwaka 1934, na ilipoanza kurusha maonyesho yake, ambako hakuna ukingo wa sahani, wimbo mmoja ukaweza kwenda karibu saa nzima. Mwimbaji ni yuleyule, kilichobadilika ni chombo. Mfano wa jirani hauondoi shaka yote kuhusu Unguja, lakini unatosha kuniondoa kwenye hoja yangu ya zamani.

Pia palikuwa na ujanja mmoja, uliotumika duniani kote na mpaka kwetu: wimbo uliozidi uligawanywa, nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Waliokuwa na gramofoni nyumbani waliishi na desturi hiyo. Sauti inakatika, mtu ananyanyuka jamvini, anageuza sahani, anatoa sindano iliyolika na kuchomeka mpya, anazungusha mkono kujaza spiringi, anaishusha sindano taratibu, na wote wanasubiri ule mchakacho kabla ubeti haujaendelea.

Nakala za siku hizi za kwenye simu mara nyingi huunga pande hizo mbili, na kusubiri huko hakupo tena. Lakini ukisikiliza kwa makini, karibu na dakika ya tatu, mchakacho hubadilika ghafla: sauti iliyokuwa imebanwa na kufifia inakuwa pana na wazi tena. Sindano imetoka katikati ya sahani, imerudi ukingoni.