Ndani ya faiba hakuna shaba, tumkumbuke injinia Charles Kao
Malalamiko ya intaneti kukatika yamezidi, na mara nyingi tukifika eneo la tukio tunakuta mkongo umekatwa makusudi na mtu aliyekuwa anatafuta shaba. Jamani ndani ya faiba, yaani nyuzi zinazobeba intaneti kwa mwanga, hakuna shaba, ni kioo. Tumelisema hili mpaka koo limekauka, kwa hiyo leo acheni nilielezee kupitia mzee mmoja ambaye sisi watu wa faiba tunamheshimu sana.

Charles Kao alizaliwa Shanghai 1933, akasomea umeme Uingereza na kuajiriwa maabara ya mawasiliano ya STL pale Harlow, hukohuko Uingereza. Miaka ile ya 60 uzi wa kioo ulishakuwepo, madaktari walikuwa wanachungulia nao tumboni kwa mgonjwa, shida ni kwamba ukienda mita 20 tu mwanga uliobaki ni kama asilimia 1. Wengi wakaona kioo ndivyo kilivyo. Kao akabisha, akasema kioo hakina kosa, kosa ni uchafu uliomo ndani, hasa chembe za chuma. Julai 1966 yeye na mwenzake George Hockham wakaandika kwamba upotevu wa mwanga ukishuka chini ya desibeli (kipimo cha upotevu huo) 20 kwa kilomita, yaani hiyo asilimia 1 ifike baada ya kilomita nzima, simu zitapita kwenye kioo. Kisha akazunguka viwandani na kwenye maabara kuwashawishi watu. 1970 kampuni ya vioo ya Corning ya Marekani wakafikia desibeli 17, leo tuko kwenye 0.2 hivi, mwanga unakwenda kilomita 15 ndio upungue nusu!

Tuzo ya Nobel ya fizikia alipewa 2009 akiwa tayari ana Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mhadhara wake akausoma mkewe, Gwen. Hilo huwa linanigusa sana, maana mwaka huohuo, Julai, ndio SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, uliwashwa huku kwetu pwani. Alifariki Hong Kong Septemba 2018.

Sasa utaratibu. Kabla ya kuchimba, hata kama ni mtaro wa bomba la maji tu, andika barua kwa mwenye mkongo, ambatanisha mchoro wa eneo, subiri fundi aje akuonyeshe njia, na ukikaribia weka ekskaveta pembeni utumie jembe fundi akiwepo. Ukikata kwa bahati mbaya simamisha kazi, piga simu, usifukie, usifunge na selotepu, na usichungulie ncha kwa sababu mwanga wake hauonekani na unaweza kuumiza jicho. Kukata makusudi ni kosa la jinai, mambo ya faini na kifungo, na gharama za matengenezo utadaiwa pia. Kwa aliyekata bahati mbaya kila tukio linaangaliwa kivyake, ila kukimbia hakukusaidii.

Na wanaouliza kwa nini tunachukua masaa yote hayo "kuunga waya": mkongo mmoja unaweza kuwa na nyuzi 48 au 96, kila uzi ni kama unywele, na kiini chake ni mikroni 9 tu. Fundi anaumenya, anaufuta na spiriti, anaunyoosha ncha, anauweka kwenye mashine inayouyeyusha uungane na mwenzake kwa cheche ya umeme, halafu anapima, na vumbi kidogo tu likiingia anakata anaanza upya, usiku, amechuchumaa kwenye mtaro wa matope na tochi kichwani.