Sukari ya Mama Nayo Ina Bei

Likizo ya Juni ikianza tu, wazazi wananionyesha picha kwenye simu. Watoto wawili wamekaa nyuma ya kimeza getini, mbele yao ndoo ya juisi ya ndimu na kopo la hela. "Mwalimu, jana wamepata faida elfu kumi na sita!" Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuwafundisha mama lishe na wenye vioski kutunza hesabu, kwa hiyo nauliza: sukari walinunua kwa shilingi ngapi? Mzazi anacheka. "Aa, sukari si ilikuwepo ndani."

Nimelisikia jibu hilo hadi nimelichoka. Mtu mzima anayekuja kwangu analia duka limekufa naye alianza hivyohivyo: hela ya kwenye droo aliiita faida, akaila, kisha siku ya kuongeza mzigo akakuta hana kitu.

Tuipige hiyo elfu kumi na sita. Tuchukulie ndoo ya lita 10, glasi 40, kila moja 500. Sukari kilo moja 3,000. Ndimu 30 kwa mia mia, 3,000. Mifuko minne ya barafu, 2,000. Gesi ya kuchemshia maji, tuseme 1,000. Pakiti ya glasi 50 za plastiki, 2,500. Jumla 11,500. Ziliuzwa glasi 32, ndiyo hiyo 16,000. Nane nyingine? Tano wamekunywa wenye biashara, tatu wamepewa marafiki. Toa gharama, kopo linabaki na 4,500, na glasi 10 ambazo hazijatumika zina thamani ya 500. Faida ni 5,000. Wakigawana wawili, kila mmoja 2,500. Ni hela nzuri kwa mtoto, ila si elfu kumi na sita.

Ubaya wa sukari ya bure unaonekana kesho yake. Jirani naye ameweka meza, wanao wanashusha bei hadi 200 ili wamkomeshe. Ndoo inaisha kabla ya adhuhuri, kopo lina 8,000, wanarukaruka. Lakini kila glasi iliwagharimu 275 (11,500 toa 500 ya glasi zilizobaki, gawa kwa 40). Wamemaliza ndoo nzima kwa hasara ya 3,000, na hasara hiyo umeilipa wewe kimyakimya kutoka jikoni. Watoto wamejifunza kwamba bei ikishuka mambo yananyooka. Mtakuja kunitafuta wakiwa na miaka thelathini.

Kwa hiyo wakopeshe. Mpe mtoto hiyo 11,500 mkononi, aandike kwenye daftari, tena kwa kalamu ya wino maana ya risasi inafutika (kwa hili sina mjadala na mtu), aende mwenyewe sokoni kubembeleza bei ya ndimu. Jioni alipe deni kwanza, ndipo ahesabu chake. Makopo yawe mawili, la mtaji na la faida. Na glasi anayokunywa mwenyewe iandikwe. Kuna binti wa darasa la tano aliyemgomea baba yake glasi ya bure. Baba akatoa noti ya elfu, na chenji akaidai.

Yapo na mengine ninayoambiwa. Kwamba barafu inaua vijidudu. Haiui, vingi vinalala tu humo vikisubiri barafu iyeyuke. Maji ya barafu yachemshwe kama ya juisi, na kama barafu umenunua kwa mtu, muulize maji yake ni ya wapi. Ukali wa ndimu nao usiutegemee kusafisha maji machafu.

Kwamba kumkalisha mtoto mezani ni kumtumikisha. Wanaosema hivyo siwabezi, maana watoto wanaotumikishwa tunawaona kila siku kwenye foleni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, inaruhusu kazi nyepesi, na inakataza kazi za usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Meza ya getini kwa saa mbili tatu za likizo, mzazi akiwa karibu na hela ikibaki kwa mtoto, ni jambo jingine. Ukianza kumtegemea akuletee hela ya mboga, hapo tusidanganyane.

Kwamba Marekani mtoto anajiuzia tu na hakuna wa kumuuliza. Mwaka 2015 polisi wa mji wa Overton, Texas, walifunga meza ya dada wawili wadogo kwa kukosa kibali. Jimbo hilo lilihitaji kutunga sheria, mwaka 2019, ili watoto wauze vinywaji vya aina hiyo bila kibali.

Na mwisho huyu wa "wangu mpole, hawezi biashara". Meza ya juisi ina kazi zaidi ya kuita wateja. Mpole mpe kopo na daftari. Yule mchangamfu apige kelele getini, na asiguse hela.